Mguu wa Kukanyaga Breki

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mguu. Fundi alikuwa ameshafunga pedi mpya, zile ngumu zinazohimili joto la uwanja wa mashindano, amezisugua diski mpaka zinang'aa, na mafuta ya breki ameyabadilisha yote. Ilibaki kutoa upepo ulionaswa kwenye mabomba ya breki, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali ndani ya gari, mwingine amelala chini anafungua nati ya kutolea upepo na kuifunga. Kwa miaka kumi na tisa mkanyagaji alikuwa mdogo wake. Mwanzoni mwa mwaka mdogo wake alipata kazi mbali, akaaga huku akicheka, akasema atapiga simu kila wiki. Amepiga mara mbili.

Fundi alijaribu peke yake. Alikata ufito, akaukaza kati ya kiti na pedali, akaingia chini. Lakini kila alipolegeza nati, pedali ilizama, ufito ukaanguka, na upepo ukarudi kabla hajafunga. Alirudia mara tano. Alipopanda kukanyaga mwenyewe, ilikuwa kama kukanyaga godoro.

Mwenye gari, dereva ambaye mtaa mzima humwita Kipanga, angekuja kulichukua jioni hiyo. Mashindano yalikuwa kesho yake, Jumamosi. Barabarani gari lingesimama tu. Uwanjani, mwisho wa sehemu iliyonyooka, breki zikiwa za moto, pedali ingekwenda hadi chini na gari lisisimame. Hilo Kipanga asingelijua mapema. Fundi alikaa juu ya tairi akilitazama gari. Kisha akanawa mikono, akanawa tena, akaenda mlango wa pili.

Pale alifanya kazi mama mmoja mshonaji. Miaka sita wamegawana ukuta, na salamu zao hazijawahi kuvuka habari za asubuhi. Fundi alisimama mlangoni akaeleza kwa kirefu, akianzia kwenye pedi, kama mtu anayeliuza lile gari. Mama alimsikiliza na pini mdomoni, akazitoa moja moja.

"Kwa kifupi, fundi, unataka mguu."

"Ndiyo, mama. Mguu tu."

"Basi na mimi nitafuatana nao."

Ulikuwa mguu uliokanyaga cherehani miaka thelathini. Fundi akisema kanyaga, unashuka taratibu. Akisema shikilia, hautikisiki. Mdogo wake alikuwa na tabia ya kuachia mapema halafu kubisha. Gurudumu baada ya gurudumu, mapovu yalipita kwenye mpira aliouchomeka kwenye nati, yakaingia chupani, yakapungua, yakabaki mafuta matupu. Kwenye gurudumu la mwisho fundi alifunga nati akasahau kusema. Sauti ikatoka ndani ya gari:

"Bado nimeshikilia."

Fundi akamwambia aachie.

Mama aliposhuka, fundi alimuuliza yeye husaidiwa na nani.

"Nguo haihitaji watu wawili," alisema, akarudi kazini kwake.

Fundi alilipeleka gari barabara ya nyuma ya maghala, akalifungia breki kwa nguvu mara nane bila kulisimamisha kabisa, ili pedi na diski zizoeane, kisha akaliacha lipoe. Jioni Kipanga alikanyaga, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka nalo.

Jumamosi alasiri alipiga simu, injini zikinguruma nyuma yake, akasema breki zimeshika mpaka mzunguko wa mwisho. Fundi alishukuru. Akabaki na simu mkononi. Alimpigia mdogo wake. Iliita mpaka ikakatika. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa tangu adhuhuri. Alifagia sakafu aliyokwisha kuifagia, akaenda nyumbani, akala. Jumapili ilikuwa ndefu.

Jumatatu alifika mapema, akapita mlango wake bila kuufungua. Mama mshonaji alipokuja na funguo alimkuta fundi amesimama mlangoni pake.

"Lile gari," fundi alisema, "lilisimama."

"Kwani ulitegemea lifanyeje?" mama alimuuliza, akampa kufuli amshikie wakati anauvuta mlango.