Kiapo cha Murembe

Jumanne watu wa barabara walipaka alama nyekundu kwenye murembe, mti wa viapo wa ukoo. Alhamisi asubuhi tingatinga likafika, na Osundwa akasimama mbele yake na panga mkononi.

"Toka hapo, mzee," alisema Wesley, msimamizi wa ujenzi. "Barabara ya Isecheno inapanuliwa. Mti ni mti tu."

"Huu ni murembe. Babangu aliapia hapa, na babake pia. Ukoo wetu hatujawahi kuvunja hata tawi lake la kuni."

"Karatasi inasema hakuna aliyekataa." Wesley akamwonyesha sahihi ya Phineas, mzee wa kijiji, binamu yake Osundwa.

Phineas alikuwa hapo hapo, amefunga mikono kifuani. "Niliita baraza. Nikauliza watu, wakanyamaza."

"Uliuliza nani? Kuku wako?"

Watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Kicheko kile kilimvimbisha Osundwa kichwa, na hapo ndipo alipokosea. Alimtupia Phineas panga miguuni.

"Basi piga murembe, uape. Ukiwa mwongo, ukufe."

Alikuwa na hakika Phineas angekataa. Wanaume wazima walishakiri wizi wa ng'ombe kwa kuletwa tu karibu na mti ule.

Phineas akaokota panga. "Niliita baraza," alisema, akaupiga mti mara moja. Gome likapasuka.

Kisha Nafula, shangazi yao, akakaza leso kiunoni na kuanza kuondoka. Wengine wakamfuata.

"Shangazi, unaenda wapi? Huyu amedanganya."

"Najua amedanganya. Lakini ni wewe umempatia panga. Mtu akishaapa, kesi ni ya murembe. Sisi hatuongezangi neno."

Osundwa aliijua sheria hiyo tangu utotoni. Ilimfunga mdomo hata yeye. Muda mfupi uliopita alikuwa na kijiji kizima nyuma yake. Sasa aliona migongo tu.

"Ng'oa," Phineas akamwambia Wesley haraka. "Na mizizi yote. Usiache hata mmoja."

Osundwa akasogea kando. Alipompita binamu yake alitema mate chini, hakumwangalia.

Mti haukuchukua muda. Ulipokwisha kulala chini, Phineas aliuendea, akaupiga teke polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba nyoka amekufa. Akaupiga tena. Mafuta ya tingatinga yalikuwa yakinuka, na Wesley alikuwa akimwambia aondoke njiani, lakini Phineas hakuondoka.