Ubao wa Kupimia Weusi

Babu yangu Mathias hajawahi kukubali shairi langu kwa kulisikia. Nikimsomea, na sauti ninayo, atasikiliza hadi mwisho kisha anyooshe mkono.

"Lete karatasi. Ukisoma wewe nasikia ngoma tu."

Halafu analisoma mwenyewe mlangoni penye mwanga, midomo ikitembea polepole. Nyumbani kwetu Kilosa, shairi ambalo halijapita machoni pake halijawa shairi.

Alikuwa fundi rangi wa reli. Namba za mabehewa, majina ya stesheni za njia ya Kidatu, maneno ya hatari kwenye vivuko, zote ni herufi nyeusi juu ya nyeupe, na zote za mkono wake. Mimi nilijua kusoma kwa namba hizo kabla sijavaa kaptula ya shule. Kidato cha pili niliacha. Vina na mizani nilijifundisha mwenyewe, na sioni haya kusema kwamba wilaya nzima hakuna aliyenishika mkono.

Mwaka jana daktari wa Morogoro alituambia ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone itachelewesha tu. Babu akaanza kuona karatasi kama imefunikwa na vumbi. Simu nayo ilimtoa machozi kwa mwanga wake. Na ndio kwanza nilikuwa nimemaliza utenzi wa beti arobaini: stesheni ya zamani, yeye na makopo yake, na marehemu bibi Filomena. Sijawahi kuandika kitu kikubwa kama kile. Asipousoma mwaka huu, nilijua hatausoma tena.

Ndipo Tumwagile alipopiga simu. Ni binti wa shangazi, yuko mapokezi kwenye loji moja Mikumi. Tajiri wake alikuwa ameweka visomeo viwili kwa ajili ya wageni, vile vibao vyembamba vya kusomea vitabu. Wageni hawakuvijali, akampa yeye.

"Kioo chake hakiwaki kama cha simu, Goodhope. Maandishi yanakaa kama wino. Njoo uchague kimoja, cha pili changu."

Nikaenda. Vilikuwa vya aina moja na mwaka mmoja, ila kimoja kilikuwa kipya kabisa machoni, na kingine kilikwaruzika pembeni na kukunjika ganda. Tumwagile aliingiza utenzi wangu kwenye vyote kwa waya.

"Toka navyo nje kwanza uvitazame juani," alisema. "Wanasema hivi vitu havilingani hata vikiwa mapacha."

"Mimi ndiye unanifundisha kutazama maandishi?"

"Haya, mshairi wa taifa. Samahani."

Nikawasha taa ya ndani ya kile kizuri, kikang'aa vizuri pale mapokezi, nikakifunga kwenye shati nikaondoka.

Babu alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza kuelekea mlangoni. Akakisogeza, akakirudisha. Nilimkuzia herufi hadi ubeti mmoja ukajaza kioo kizima.

"Hii rangi imetiwa maji," alisema.

"Babu, si rangi hiyo."

"Najua si rangi. Nakwambia nyeusi yake ni kijivu, na nyeupe yake ni kijivu. Vijivu viwili vinapigana. Nisome nini?"

Nilizidisha taa. Akafumba macho, akafuta machozi. Nikaizima. Nikasema kwa ukali, na naona aibu hadi leo, kwamba tatizo ni macho yake, kwa maana vile viwili vimetoka kiwanda kimoja na haviwezi kutofautiana.

Alinyanyuka akapapasa nyuma ya mlango wa chumba chake, akatoka na ubao. Ubao ule naujua tangu utoto. Nilidhani ni wa kuegeshea mlango tu. Ulikuwa na mistari myeusi, kama ishirini, mmoja chini ya mwingine.

"Kila mstari ni kopo," alisema. "Makopo ya kiwanda kimoja, yameshuka kwenye behewa moja. Uusimamishe juani, rudi hatua kumi."

Nikausimamisha uani. Kwa hatua kumi mistari mingine ilikuwa myeusi tii, mingine kama moshi. Mmoja sikuuona kabisa, nikamwambia.

"Hilo kopo ningeandikia jina la stesheni, dereva angepitiliza," babu alisema. "Cha pili kiko wapi?"

"Kwa Tumwagile."

"Naenda kumsalimia mke wangu."

Tulisafiri asubuhi, ubao ukiwa katikati ya magoti yake. Tulipopita Masanze aliniuliza tumefika wapi, nikamtajia. Akanitajia stesheni zote za njia ya Kidatu kwa mpangilio, na kila moja alisema kibao chake kilikuwa na herufi ngapi na alikimaliza kwa siku ngapi. Nilimsikiliza nikiwa kimya. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, mume wangu!" Tumwagile alipaza sauti kutoka kwenye ngazi za loji.

"Marahaba, mke wangu. Nimekuja na huyu mume mwenzangu, kakuharibia siku juzi."

"Mie nilimwambia atazame juani. Akaniambia yeye ni nani sijui!"

"Nilikosea," nikasema.

"Sijasikia."

"Nilikosea, dada."

"Hapo sawa." Akaenda kuleta kile kilichokwaruzika.

Babu aliviegesha vyote viwili juu ya ubao wake, juani, taa zimezimwa. Akarudi nyuma. Alikwenda hatua nne tu, kwa macho yake ya sasa. Akanyoosha kidole bila kusita kwenye kile kibovu. Nami nikaona. Herufi zangu pale zilikuwa nyeusi kama chungu. Kwenye kile kizuri zilikuwa kama zimefuliwa. Maneno yale yale.

Alikaa barazani akaanza kusoma. Tumwagile alirudi kazini, akatoka tena, akarudi. Kila ukurasa ulipogeuka, kivuli cha herufi zilizopita kilibaki kidogo chini ya herufi mpya. Nilitaka kuomba radhi kwa hilo.

"Niachie," babu alisema. "Behewa ukilipaka upya, namba ya zamani huwa inachungulia hivi hivi."

Ilimchukua saa nzima na zaidi kufika ubeti wa thelathini na moja. Hapo alisimama. Akausoma kwa sauti:

*Weusi huo wa babu*
*aliupika kwa tabu*
*peke yake, taratibu,*
*usififie juani.*

"Hapa umedanganya."

Damu ilinipanda. "Vina vimekaa, mizani imetimia..."

"Sijasema vina. Nimesema umedanganya. Peke yangu na nani? Makopo mabovu yalipozidi, bibi yako ndiye aliyekwangua masizi ya sufuria na kibatari, akayachekecha kwa kipande cha khanga, akayakoroga na mafuta ya kitani. Herufi unazozisifia tangu ubeti wa kwanza ni masizi ya Filomena."

"Mbona nimekusomea mara tatu, hukusema?"

"Ulikuwa unapiga ngoma. Sasa ndio nimesoma."

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi na simu yangu. Nilimkumbuka bibi, vidole vyake vyenye kucha nyeusi ambazo sisi watoto tulizicheka, tukidhani ni uchafu wa jikoni. Alikuwa anacheka nasi, hakutueleza kitu. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Kwa mara ya kwanza sikusoma kwa sauti nilichokuwa nakiandika. Kisha nikampa Tumwagile simu, akaingiza upya.

Babu alifungua ubeti wa thelathini na moja:

*Akachekecha masizi*
*Filomena mwenye kazi,*
*weusi wetu azizi*
*ulitokea jikoni.*

Aliusoma mara mbili. Halafu akaendelea hadi wa arobaini, bila kuniangalia. Alipofika mstari wa mwisho akafanya alichokuwa akifanya kwa kila kibao alichokimaliza kabla hakijapandishwa mlingotini: alibonyeza dole gumba kwenye kona ya chini.

Kioo kikawa cheusi ghafla, kikawa cheupe. Beti zikatoweka.

"Nimeufuta?" babu aliuliza.

"Hapana, mume wangu," Tumwagile alisema akicheka. "Umegeuza ukurasa tu. Baada ya hapo hakuna kitu."

Babu aliinamia ule ukurasa mtupu. Kivuli cha mistari yangu ya mwisho kilikuwa bado kinachungulia kwa mbali. Kisha akaliinua dole gumba karibu na jicho lake la kulia, ambalo bado linaona vizuri kidogo, akalitazama huku na huku.

Lilikuwa safi.

"Imekauka," alisema. "Pandisha."