Matairi Makubwa ya Shemeji

Shemeji yangu, tumbo moja na mke wangu, alininyang'anya lori kwa ulimi mtupu. Alimnong'oneza tajiri wetu kwamba macho yangu yamekwisha, kwamba barabara naitafuta kwa kupapasa. Miaka kumi na tisa nimepandisha mawe ule mlima wa machimbo! Tajiri akampa yeye funguo, mimi akanitupa gereji. Sikugomba. Nilimeza, nikangoja.

Wiki ya pili akaja gereji, miwani ya jua usoni.

"Mzee, nifungie matairi makubwa, ya kufika kiunoni. Lori lionekane lori."

Sasa, tairi likiwa kubwa, kila mzunguko wake unameza barabara ndefu zaidi. Ni kama umepanda gia ya juu bila kutaka: mlimani nguvu zinakuishia. Dawa yake ni kubadili meno ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma inayozungusha magurudumu, ili injini izunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi. Meno hayo nilikuwa nayo, nimeyapaka grisi, nimeyafunika gunia.

"Na difu?" nikauliza, maana dhamiri ilinifinya kidogo.

"Difu imekukosea nini? Nimesema matairi. Uzee huo, shemeji!"

"Haya, bwana."

Nikafunga matairi, nikakaza nati moja moja kwa mapenzi makubwa.

Lori likiwa tupu, tena tambarare, lilipendeza. Alinipigia honi kila alipopita. Kisha ikafika siku ya kupakia mawe, na tajiri akapanda naye aonje lori lake. Mimi nilitangulia kwa miguu, nikakaa kwenye kona ya pili ya mlima kama mtu aliyealikwa harusini.

Likaja likilia. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Klachi ikanuka hadi ndege wakahama. Konokono aliyekuwa nyuma yake alichoka kungoja, akalipita, nikampungia mkono. Mbele yangu kabisa, lori likagoma.

Tajiri akashuka. "Fundi, limepatwa na nini?"

"Matairi yamekua, difu haikuambiwa. Nilimuuliza dereva wako, akasema ni uzee wangu."

Shemeji akavua miwani. "Shemeji, nitetee basi. Sisi si ndugu?"

"Mlimani ndugu. Tambarare nilikuwa kipofu."

Tajiri hakupandisha sauti. "Mpe funguo. Halafu shusha nusu ya mawe, mwenyewe, kwa mikono."

Nilikaa kwenye usukani nikihesabu kila jiwe lililoanguka. Alipopunguza mwendo nilimpigia honi. Kisha nikaondoa lori kwa gia ya kwanza, polepole, nikamwacha kwenye vumbi lake.

Mke wangu alininunia mwezi mzima kwa ajili ya mikono ya ndugu yake iliyochubuka. Kila jioni aliniwekea sahani bila neno, nami nilikula nikamaliza. Chakula, walahi, hakijawahi kuwa kitamu vile.