Mkanda wa Shangazi

Katika chumba cha vipimo palikuwa na kanuni moja iliyotangulia nyingine zote: anayepima hakumbuki. Anashika, anasoma, anataja, anaachia. Namba za misimu iliyopita zilifungiwa kwa Mkuu wa utafiti, zisije zikauvuta mkono wa mpimaji akapima matarajio yake badala ya mwili ulio mbele yake.

Mpimaji mwenyewe alikuwa binti mwenye haya, wa wale wanaobisha hodi hata pale mlango ulipo wazi. Kazi hiyo ilimfaa. Hakutakiwa kutoa maoni. Alitakiwa kuvuta mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono kwa vidole viwili, kuubana kwa koleo la kupimia mafuta, kungoja mshale utulie, kisha kutaja alichosoma. Mezani alikaa bwana mmoja mwenye kitambi waliyembatiza Redio, kwa sababu kila namba aliirudia kwa sauti kabla ya kuiandika, na namba zikiisha alirudia habari za mtaa.

"Mimi msinipime," aliwaambia washiriki. "Koleo lenyewe litaomba likizo."

Namba zilifungiwa, sawa. Lakini vidole havina kabati. Tangu msimu wa pili wa vipimo, vidole vya binti vilikuwa vimeanza kumwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia, nalo lilimhusu shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kujaza mlango, mwenye kicheko kilichofika kabla yake. Utafiti ulipotafuta wanawake wa rika lake, watembee kila jioni na kupimwa kila baada ya miezi kadhaa ili ionekane mafuta, misuli na pumzi vinabadilika vipi, binti alimwandikisha yeye wa kwanza.

"Nitatembea," shangazi alisema siku ile, "mradi unipime wewe. Sitaki mtu baki anifinyefinye."

Sasa ulikuwa msimu wa mwisho. Shangazi aliingia asubuhi, na mlango ukabaki na nafasi pande zote mbili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenitolea macho? Hujaona mrembo?"

Akajizungusha taratibu ili aonekane vizuri. Gauni lilikuwa limekusanywa mgongoni kwa pini, mstari mzima kutoka shingoni hadi kiunoni. Mtaani wanampongeza, alisema. Mwenye duka amemwuliza anatumia dawa gani. Wifi yake hajamsemesha wiki nzima kwa wivu.

"Hiyo ndiyo kazi ya miguu," alisema Redio. "Mama, ukiendelea hivi tutakupima kwa mizani ya dhahabu."

Wakacheka. Binti naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Shangazi alipojizungusha alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Walianza. Mizani kwanza, miguu mitupu juu ya vile vibamba vya chuma vinavyopitisha umeme mdogo usiosikika, ili vijue ndani ya mtu kuna maji kiasi gani, mafuta kiasi gani na nyama kiasi gani. Kisha utepe kiunoni. Kisha koleo. Binti alishika ngozi nyuma ya mkono wa shangazi, nayo ikaja yote kwa pamoja, laini na baridi, kama foronya iliyotolewa mto. Akangoja mshale utulie. Akataja namba. Redio akairudia.

"Mkono wako una baridi," shangazi alimwambia.

"Samahani, shangazi."

"Si wewe. Siku hizi hata jua lina baridi."

Kikaja kile kifaa cha kubana, cha kupimia nguvu za kiganja. Binti alikiweka mkononi mwa shangazi akamwambia abane kwa nguvu zake zote. Mikono ile iliwahi kuinua sufuria za kulisha shule nzima. Binti aliikumbuka ikimnyanyua yeye mwenyewe kwa kwapa, juu hadi darini, huku akipiga kelele za furaha. Alisubiri.

"Bana, shangazi."

"Nimeshabana, mwanangu. Soma."

Mshale ulikuwa umejongea kidogo tu, kama mtu aliyeitwa akageuka bila kuinuka. Binti alitaja namba kwa sauti ndogo. Redio aliirudia, safari hii naye kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo Mkuu alipoingia. Alikuwa mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na asubuhi hiyo alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Mkononi alishika mkanda wenye kile kidude cheusi cha kupimia mwendo. Kila mshiriki alikivaa nyongani wiki nzima kabla ya vipimo, kisha akakirudisha mapema ili kisomwe kwenye kompyuta. Wa shangazi ulikuwa umeletwa jana yake.

"Wiki nzima hakukaa," Mkuu alisema. "Asubuhi, mchana, jioni, ni mwendo tu. Mama huyu anamshinda mpeleka barua. Mwendo juu, uzito chini. Nimemwita mpiga picha. Tunataka sura yake kwenye tangazo letu."

"Mimi?" Shangazi alijishika shavu. "Basi ningesuka nywele."

Mkuu aliweka mkanda kwenye trei akatoka. Binti aliuchukua. Hiyo pia ilikuwa kazi yake: kuupangusa kwa spiriti na kuufupisha tayari kwa mwingine. Ni yeye aliyemfunga kila mshiriki kwa mkono wake, akasogeza kifungo hadi kidude kikae juu ya mfupa wa nyonga bila kucheza, akawasihi wasikiguse kifungo hicho kabisa. Wengi walitii.

Kifungo cha mkanda wa shangazi kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho. Mwisho wa kuongeza, siyo wa kupunguza. Mpira ulikuwa umelegea kwa kuvutwa na kiuno kipana.

Binti alikitazama kifungo, akautazama utepe aliokuwa ameuzungusha kiunoni mwa shangazi muda mfupi uliopita. Kisha akapiga magoti akamfunga mkanda kama ulivyokuwa. Alipoachia, ukashuka moja kwa moja hadi sakafuni, ukatua kwenye vidole vya miguu.

"Shangazi. Nani kavaa?"

Shangazi aliuangalia mkanda pale chini. "Mama Beseni," alisema. "Yule jirani yangu wa mboga. Anazunguka na beseni lake kutwa. Nikaona miguu ni miguu."

"Kwa nini?"

"Wewe ndiye uliyeniandikisha. Ningekutia aibu mbele ya wenzako, waseme kamleta shangazi yake mvivu?" Akajaribu kutabasamu. "Yeye mwenyewe analalamika. Anasema utafiti wenu ni uongo, maana anatembea tangu azaliwe na makalio yapo palepale."

"Tangu lini?"

"Toka ule msimu wa pili. Nilikuwa natembea vizuri. Halafu ikawa nikifika pale kona ya muuza mkaa, pumzi inakata. Halafu sikufika tena konani."

"Na kula unakula?"

"Vijiko viwili nimeshiba, kama nimemeza jiwe."

Miezi yote hiyo walikuwa wameweka mwendo wa mtu mmoja juu ya mwili wa mtu mwingine, wakaona hesabu inakubali, wakafurahi. Mwenye kutembea hakupungua. Aliyepungua hakutembea. Ni nini basi kilichokuwa kinamla?

"Mbona hukusema, shangazi?" Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Hata hospitali hukwenda?"

Shangazi alimtazama kwa mshangao wa kweli, usio na kificho. "Niende hospitali gani tena, mwanangu, na mimi naja hapa? Umeme mmenipitisha. Moyo mmeusikiliza. Hakuna sehemu hamkushika. Nikajisemea, kama kuna kitu, huyu mtoto wangu angeniambia. Nikitoka hapa nalala usingizi mzuri."

Redio alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hakurudia alichosikia.

Binti angesemaje kwamba hapa hawatibu, wanapima tu? Alikuwa ameyasoma hayo maneno mwanzoni kwa kila mshiriki, hata kwa shangazi, na shangazi aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesomewa masharti ya bahati nasibu. Nani angemwamini mtu anayesema hatakutibu, ilhali mtu huyo ulimlea, na mkono wake uko juu ya moyo wako?

"Haya, tumalize," shangazi alisema. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha pumzi: kupanda na kushuka boksi la mbao kwa kufuata mdundo wa mashine hadi uambiwe basi. Akasogea mwenyewe. Akaweka mguu mmoja juu ya boksi na mkono juu ya goti. "Washeni ngoma yenu. Mpiga picha anakuja."

Kidole cha Redio kilikuwa karibu na kitufe. Alimtazama binti. Mguu wa shangazi juu ya boksi ulikuwa unatetemeka, na pini za mgongoni zikatetemeka nao, moja baada ya nyingine.

"Usiwashe," binti alisema.

"Nini?"

"Usiwashe. Hapandi." Akamkumbatia shangazi kiunoni, na mikono yake ikamzunguka yote ikakutana upande wa pili. Zamani haikuwahi kukutana.

Alipokwenda kwa Mkuu hakubisha hodi. Aliyasema yote akiwa amesimama, mkanda mkononi, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali. Mkuu alimsikiliza. Kisha akafungua zile namba za zamani, za msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akazipanga sambamba, na miwani ikamshuka puani.

"Si mafuta tu yaliyoondoka," alisema. "Ni nyama. Mafuta yametangulia kidogo, halafu nyama ikafuata na haikusimama." Akamgeukia binti. "Vidole vyako vimejua tangu lini?"

"Msimu wa pili. Nilidhani siruhusiwi."

"Kanuni ilikukataza kukumbuka namba. Haikukukataza kumwona mtu. Muuguzi yupo, mimi nipo, ungegonga tu." Hakusema kwa ukali, na hilo liliuma zaidi. Kisha akavua miwani. "Na mimi nilizikumbuka namba zote. Nikaita mpiga picha."

Akachukua simu, akampigia daktari wa upande wa pili wa jengo. Aliongea kwa maneno machache, ya chini, akiwa amempa binti mgongo.

Binti aliporudi, shangazi alikuwa amekaa kwenye boksi, amefunika magoti kwa khanga. Hakuuliza wanakwenda wapi. Aliupokea mkanda kutoka mkononi mwa mpwa wake, akaugeuzageuza.

"Nifunge," alisema. "Angalau safari hii miguu iwe yangu."

Binti alivuta kifungo hadi mwisho wa kupunguza. Mkanda haukubana. Akapiga fundo, akaongeza la pili, hadi kidude kikakaa juu ya mfupa ambao sasa ulionekana hata kwa macho.

Wakaanza kuifuata korido ndefu ya kwenda kwa daktari. Kila penye benchi, shangazi alipumzika. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri walisogea kumpa nafasi, na mama mmoja mnene akamwambia kwa kijicho kidogo, "Umependeza kweli, mwenzangu. Umefanyaje?"

"Muulize huyu," shangazi alijibu. "Ndiye fundi wangu."

Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Mara hii binti alibisha, kwa mazoea, na daktari akainua kichwa tayari kusema karibu. Alimwangalia shangazi kuanzia miguuni hadi usoni, mara moja tu. Neno la kukaribisha halikutoka. Aliweka kalamu chini, akainuka, akawapisha waingie, kisha akaenda kuufunga mlango mwenyewe.