Kijito Kilichokaa Hadi Arobaini

Anatoli alifariki Jumanne asubuhi akifunga kamba za viatu, na jioni kijito kikaja msibani. Kilipanda ngazi za jengo lao la Takoma Park, kikapita chini ya mlango, kikajikunja kando ya viatu vya waombolezaji.

Mjane wake, Vumilia, alikitambua kwa harufu. Kwa miaka kadhaa Anatoli alikuwa akiendesha gari hadi West Virginia kukipima maji, kwa niaba ya chama cha kutetea mito, na kurudi na suruali zinazonuka majani na mawe baridi. Kampuni ya makaa ya mawe ilitaka kuukata mlima na kumwaga kifusi bondeni, juu ya kijito. Anatoli alipaswa kuwaeleza wakaguzi wa serikali kwamba kijito kinatiririka mwaka mzima, maana bonde lenye kijito kisichokauka haliruhusiwi kufukiwa.

"Karibu. Pole na safari," Vumilia alikiambia.

Mumbi, nesi Mkenya wa ghorofa ya juu, alipandisha sketi akakiruka na sinia la chai.

"Huyu ametoka mbali kutushinda sisi wote, na hakuja mikono mitupu," alisema, akiokota samaki mdogo chini ya kochi. "Watu wa Landover, hapo jirani tu, wameleta nini? Soda moja, tena imefunguliwa!"

Mwili uliposafirishwa kwenda Bukoba, kijito kilianza kusogea mlangoni. Mzee Fidelis, mwenyekiti wa kamati ya msiba, akakizibia njia kwa kiti chake.

"Unakwenda wapi, ndugu yangu? Arobaini bado! Unataka watu waseme nini?"

Kijito kilikuwa na adabu. Kilirudi kuketi, kikakaa hadi misa ya arobaini. Akina mama waliosha sufuria ndani yake na kukisifu.

Katika wiki hizo wakaguzi walifika bondeni. Walikuta mawe makavu na konokono mmoja aliyeachwa kulinda nyumba. Wakaamua kwamba bonde halina kijito.

Vumilia alikipeleka ofisini kwao, katikati ya jiji, kwa treni. Kwenye ngazi za umeme kilisimama upande wa kulia, kisiwazuie wenye haraka. Ofisa aliinua miguu asilowe.

"Nakiona, mama," alisema kwa upole. "Lakini uamuzi ulihusu bonde, na bondeni hakikuwepo."

"Kilikuwa msibani."

"Oh, pole sana. Msiba wa nani?"

"Wa shahidi wake."

Ofisa alitikisa kichwa kwa huzuni, akampa karatasi za kufutia sakafu.

Mzee Fidelis alipopata habari alikaa vizuri kwenye kiti chake. "Hata hivyo," alisema, "kingeondoka mapema kingetuaibisha."

Kifusi kilianza kumwagwa mwezi uliofuata. Kijito kinaishi kwenye bafu la Vumilia, chini ya suruali ya Anatoli ambayo haijafuliwa. Vumilia anaoga kwa Mumbi.