Vumbi la Nyonyo

Chama cha ushirika kilipoanza kusuasua kununua kahawa, wafanyabiashara walipanda hadi kijiji cha Mapera, milimani, na mizani zao. Mmoja wao, Mansuetus, akaja na mashine ya kukamua mafuta ya nyonyo. Aurelia akapata kibarua cha kubangua na kupepeta mbegu ghalani.

Mwezi wa pili wa kazi macho yakaanza kumvimba. Wa tatu, kifua kikabana, akawa anahema kwa mlio kama mluzi. Ajabu, Jumapili aliimba kwaya vizuri tu. Jumatatu, kuingia ghalani, pumzi inakatika.

"Umechezewa," alisema jirani yake, Otilia.

"Ni baridi ya milimani," alisema mumewe, Kilian.

Aurelia aliwaamini wote wawili, kila mmoja kwa siku yake. Mwisho akateremka ziwani, Kihagara, kwa mdogo wake Hedwiga, akimbebea gunia la mashudu ya nyonyo, makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, ya kurutubishia bustani.

Siku sita alipumua kama mtoto. Basi ni Mapera, aliwaza, ni watu wa Mapera. Siku ya saba Hedwiga akafungua gunia, akalikung'uta. Aurelia akaanguka magoti, anatafuta hewa. Kesho yake mbuzi aliyelamba yale mashudu akafa.

"Dada, umekuja na nini kwangu?" Hedwiga aliuliza, akirudi nyuma hatua moja.

Aurelia alilia njia nzima hadi zahanati.

Muuguzi alimwamkia, akamsikiliza kifua, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Mama, unafanya kazi gani?"

Aliposikia, akatikisa kichwa. Vumbi la nyonyo, alisema, miili mingine hailivumilii. Na mbegu yenyewe ina sumu.

"Sumu? Bibi yangu alitunywesha mafuta yake tukivimbiwa!"

"Mafuta ni sawa. Sumu inabaki kwenye mashudu."

"Na Violet, mwenzangu wa ghalani? Tunakaa jamvi moja miezi yote hii, hata chafya hapigi."

"Bado," alisema muuguzi.

Aurelia alirudi Mapera na maneno hayo, yakimchanganya kuliko uchawi. Mansuetus alimsikiliza hadi mwisho. "Mimi nalala humu ghalani, mama," alisema kwa upole. "Mbona sijafa?" Hakuwa akimdhihaki, naye alitaka kujua.

Aurelia aliacha kibarua. Mluzi ukapungua, kisha ukaisha, ingawa Otilia alisema ni ile misa aliyomwombea.

Mwezi mmoja baadaye alipita nje ya ghala. Violet alikuwa amekaa mlangoni, ungo mapajani, anafikicha jicho.

"Violet, toka humo."

"Si unajua mwenyewe vumbi halinidhuru mimi, dada?" Violet alicheka. "Ni usingizi tu."

Labda ulikuwa usingizi. Aurelia alimwondolea ungo mapajani, akamshika mkono, akamtoa nje kwenye jua amtazame vizuri lile jicho.