Vidonge vya Kupunguza Kinga

Urbano, mume wa mdogo wangu Damari, alikuwa karani wa ghala la ushirika Kinampanda. Soko huria lilipokuja akahamia mjini, mtaa wa Utemini, akafungua duka la dawa, akashonesha koti jeupe na kujiona daktari. Mtu aliyefeli darasa la saba mara mbili. Mimi ni fundi wa maabara mwenye cheti, na mbele yake sikuwahi kuficha dharau yangu.

Mwaka 2001 Damari alikuwa na ugonjwa wa lupasi. Kinga ya mwili wake ilikuwa imemgeuka, inashambulia viungo na figo zake mwenyewe, na hospitali walimpa vidonge vya kuituliza. Mwezi wa saba nikaenda kumwona. Nilimkuta amevimba uso na miguu, anahema kwa shida.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Vidonge unameza?"

Akamtazama mumewe.

"Nimemwachisha, shemeji," Urbano akasema, kifua mbele. "Karatasi ya vidonge imeandika wazi kwamba vinapunguza kinga. Watu wanakwisha kwa ukimwi kwa kukosa kinga, halafu mke wangu ameze kitu cha kuipunguza? Nimempa huu wa kuongeza." Akanionyesha kopo la unga wa kijani kutoka dukani kwake.

Nikamtolea uvivu. Nilimwambia arudi kupima magunia ya alizeti, kazi inayolingana na kichwa chake, na kwa sasa akatafute gari la kumpeleka mkewe hospitali. Akatoka kutafuta gari.

"Usimseme hivyo," Damari akaniambia. "Mwezi wa nne nilikuuliza hivi vidonge vinafanya kazi gani. Ukacheka, ukaniambia nimeze tu, sitaelewa. Yeye hakunicheka. Alishinda siku mbili na kamusi akinisomea ile karatasi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikakaa kitandani pake, nikamweleza.

"Seli ya kinga ikishaamka, ndani yake kuna protini zinazoichochea iendelee kupigana. Ili itulie, yenyewe inazibandika alama protini hizo, kama baba alivyokuwa akiwapaka rangi ng'ombe wa kwenda machinjioni. Kila yenye alama inavunjwavunjwa, na seli inapoa. Kuna panya wa maabara ambao kazi hiyo ya alama imeharibika, na kinga yao inawala wenyewe. Kwako sijui hitilafu iko wapi, ila seli zako nazo hazipoi. Vidonge vinazipoza kwa njia nyingine."

"Kwa hiyo kinga ninayo, imezidi ukali?"

"Ndiyo."

"Na huu unga?"

"Hauzipozi. Huenda unazichochea."

Nje gari lilikuwa linarudi nyuma kusogea mlangoni.

"Hivyo tu?" akasema. "Ningevimeza, dada."

Tulimfikisha hospitali, lakini figo hazikurudi kufanya kazi. Mwezi wa tisa tulimzika Kinampanda. Urbano alinifuata kaburini, akanipa mkono wa pole, akaniita shemeji. Nilishindwa kumtazama usoni.